Nyumba ya Sala ya Babu Ilikuwa ya Nani?

Watu wengi wa pande zetu za kusini, tangu Mikindani na Msimbati mpaka Newala na Masasi, hupenda kuandika habari za ukoo wao. Huanza vizuri. Huketi na wazee, huandika majina, huuliza nani alimzaa nani. Kisha hukwama mahali pamoja. Mzee asema, "Babu yako alibatizwa na padre, katika nyumba ya sala iliyokuwa ng'ambo ya kijito kile." Nyumba ile ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, imeanguka zamani, na leo mahali pake pana mikorosho. Padre mwenyewe alikuwa Mzungu mwenye ndevu, na jina lake limesahauliwa. Basi mjukuu huenda misioni iliyo karibu naye. Karani afungua kitabu cha ubatizo, atazama miaka mitano, atazama kumi, wala jina halimo. Mjukuu hurudi nyumbani akasema kwamba babu hakubatizwa kamwe, na ya kuwa wazee wamechanganya mambo. Mara nyingi wazee hawakuchanganya neno lo lote. Jina la babu limo kitabuni, lakini katika kitabu cha kanisa jingine.

Jambo hili si la kupendeza masikio tu. Mtu anayetaka kuandikisha kuzaliwa kwake au kwa mzazi wake baada ya miaka mingi, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya hati zinazoweza kumsaidia mbele ya wenye kuandikisha. Mtu wa kando ya Ruvuma akiulizwa baba yake alizaliwa upande gani wa mto, hana budi kupata karatasi ya kumsemea. Tena wako wale ambao wazee wao waliletwa na majahazi ya utumwa, wakakombolewa baharini, wakalelewa Unguja, kisha wakapandishwa bara. Hao hawana kaburi la babu wa babu la kwenda kulipalilia, wala mtani wa kuwakumbusha asili yao. Kitabu cha misioni huenda ndicho mahali pekee palipoandikwa kabila lao na jina walilokuja nalo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta jina, yatupasa kujua nyumba ya sala ilikuwa ya kanisa gani. Na hapa kusini kazi hiyo ina ugumu wake.

Kwingineko watu hutumia ishara nyepesi. Husema: ukiona sanamu ya Mariamu, ubani, taa nyekundu mbele ya altare, na padre aliyevaa mavazi ya rangi, basi ni Wakatoliki wa Roma, ukiona kuta tupu na mimbari kubwa, basi ni Waprotestanti. Kanuni hiyo yafaa mahali pengi pa Afrika ya Mashariki, lakini Masasi na Newala haifai hata kidogo. Waanglikana walioleta Injili huku ni wale wa U.M.C.A., yaani Misioni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, nao walishika desturi za kale za Kanisa. Walifukiza ubani, waliungamisha watu, waliita ibada yao Misa, na kiongozi wao walimwita Padre. Hata mapadre wa Kizungu wa misioni hiyo hawakuwa na wake. Mtoto wa kijijini aliyetazama kwa mlango angeona mambo yale yale, iwe ni huku au kule. Bibi akisema, "Tulikwenda Misa, padre akafukiza ubani," hajatuambia kitu bado. Akisema, "Nilipata Kipaimara," hajatuambia kitu pia, maana neno hilo ni la wote.

Yafaa basi tujue kwanza nani walikuwapo, na lini.

Waanglikana ndio waliotangulia. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa, wanaume na wanawake zaidi ya hamsini, akashuka Lindi, akapanda nao bara. Walikusudia kuwasogeza karibu na nchi walizotekwa, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vilima vile vya mawe, wakaona nchi ni nzuri, wakajenga. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, wakaishambulia Masasi na kuchukua mateka; watu wakatawanyika, na kwa muda kazi ikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Baadaye Masasi ikajengwa upya. Chitangali alikaa Padre Cecil Majaliwa, aliyepata upadre mwaka 1890, wa kwanza katika Waafrika wa misioni hiyo.

Wakatoliki walikuja nyuma yao. Watawa wa Mtakatifu Benedikto kutoka Mt. Ottilien katika nchi ya Wadachi walifika Dar es Salaam mwaka 1888, na huku kusini wakafungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliziharibu misioni zote mbili, na Askofu Cassian Spiss akauawa njiani upande wa Liwale. Mwaka uliofuata, 1906, wakaanzisha Ndanda, ambayo ikawa makao yao makubwa mpaka leo.

Tazama sasa jinsi mahali hapo palivyokaribiana. Masasi, Lukuledi na Ndanda ni nchi moja. Mtu wa miguu aweza kwenda kutoka moja mpaka nyingine kwa siku chache. Walimu wa pande zote mbili walipita vijiji vile vile, wakajenga nyumba zilizofanana, ambazo asubuhi zilikuwa shule na Jumapili zilikuwa kanisa. Viko vijiji vilivyokuwa na nyumba mbili za sala, na ndugu wa tumbo moja wakabatizwa huyu huku na huyu kule. Kwa hiyo hata tukijua shangazi alibatizwa Ndanda, tusidhani kaka yake naye alibatizwa huko.

Walutheri, Wamoraviani, Wapentekoste na wengine wako Mtwara leo, lakini kwa ubatizo wa zamani wa vijijini milango mikubwa ni hiyo miwili. Na tusisahau kwamba katika miji ya pwani, kama Mikindani na Sudi, wazee wengi walikuwa Waislamu tangu vizazi. Mtu asiyepata jina la babu wa babu katika kitabu cha padre yo yote, huenda alimtafuta mwanachuoni katika orodha ya wanakwaya.

Sasa twaweza kuuliza maswali yanayofaa. Tusimwulize mzee kanisa lilionekanaje. Tumwulize watu walifanyaje.

Swali la kwanza tunalolipenda ni hili: padre alikuwa na mke? Tumesema mapadre wa Kizungu wa U.M.C.A. hawakuoa; lakini mapadre wao Waafrika waliruhusiwa kuwa na wake, na Padre Majaliwa mwenyewe alikuwa na mke na watoto. Kwa Wakatoliki, padre ni mseja, awe Mzungu au Mwafrika. Kwa hiyo ukoo ukisimulia, "Mke wa padre alitufundisha kushona," au, "Sisi tumezaliwa na mtoto wa padre," na kusimulia bila aibu, basi twende kwa Waanglikana moja kwa moja. Swali hili moja hutuondolea maswali kumi.

La pili ni salamu na majina matakatifu. Wakatoliki husalimiana, "Tumsifu Yesu Kristu," na kujibiwa, "Milele, amina." Bibi aliyezoea salamu hiyo tangu utoto huenda alilelewa katika nyumba ya Wakatoliki. Tena Wakatoliki husema Bikira Maria. Waanglikana wa kusini wamezoea kusema Mariamu, kama vile masista wao Waafrika, walioanza Masasi mwaka 1946, wanavyoitwa Chama cha Mariamu Mtakatifu. Na mtu asemapo kwamba nyumba yao ya sala ilikuwa "kigango", hilo nalo ni neno lililozoewa zaidi na Wakatoliki.

La tatu ni jando. Padre Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 mpaka 1944, alijulikana kwa jambo moja kuliko yote: hakuliondoa jando, bali alilitia ndani ya Kanisa, wavulana wakaenda porini pamoja na padre na walimu Wakristo, na mengine yasiyopatana na imani yakaachwa. Wataalamu wa mbali wameandika mengi juu ya kazi hiyo, wengine kwa sifa, wengine kwa mashaka. Kwa mtafuta ukoo ina faida yake: mzee wa Masasi aliyepelekwa jandoni na padre katika siku hizo, na altare ikajengwa kambini, karibu kwa hakika alikuwa wa Kanisa la Kianglikana.

Baada ya maneno ya wazee, twende kwenye sanduku la bibi. Humo huwa na vitu ambavyo watu huvidharau. Medali ndogo yenye msalaba na herufi C.S.P.B. katika pembe zake ni medali ya Mtakatifu Benedikto, nayo ilitoka kwa Wabenediktini. Kitabu cha sala kilichopoteza jalada tukifungue ukurasa wa kwanza au wa pili, tutafute mahali kilipopigwa chapa. Kikiwa kimetoka Ndanda au Peramiho, ni cha Wakatoliki. Kikiwa na herufi S.P.C.K., au kikiwa kimepigwa chapa na mtambo wa misioni ya U.M.C.A. Unguja, ni cha Waanglikana. Maneno ya Kilatini "Nihil obstat" na "Imprimatur" ni idhini ya Kanisa la Roma. Kengele ya kanisa la zamani, kama ingali inaning'inia, nayo yafaa kusomwa: maneno ya Kidachi au ya Kiingereza yaliyochongwa juu yake yaonyesha upande walikotoka walioileta.

Jina la ubatizo lenyewe husaidia, ingawa si shahidi wa kutosha peke yake. Petro, Paulo, Yohana na Agnes ni wa wote. Lakini katika ukoo wa zamani ukiona Benedikto, Plasidus, Skolastika, Otilia, Bonifasi au Gallus, unasikia sauti ya watawa. Gallus ni mtakatifu anayeheshimiwa sana Uswisi, na Gallus Steiger, Mswisi, ndiye aliyewekwa kuiongoza misioni ya Lindi mwaka 1922, baada ya Wadachi kuondolewa kwa sababu ya vita. Ukiona Cecil, Edward au Mildred, unasikia Uingereza. Walakini vijana walioacha kanisa la baba yao hawakuacha jina, na watoto walirithi majina ya babu zao. Jina latuonyesha njia, halitufikishi nyumbani.

Tuseme sasa tumefika mbele ya kitabu chenyewe, au tumeletewa nakala ya ukurasa bila jalada, wala hatujui umetoka wapi. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa twataka msomaji asiwe na haraka.

Kwanza atazame lugha. Vitabu vya Wakatoliki vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, vya U.M.C.A. kwa Kiingereza au Kiswahili. Katika Kilatini majina hubadilika miisho yake kama vitenzi vyetu vinavyobadilika mianzo. Yohane huandikwa "Joannes", lakini akiwa ni baba wa mtu huandikwa "Joannis", maana yake "wa Yohane". Benedikto ni "Benedictus", na mwana wake ni "filius Benedicti". Mjukuu asiyejua jambo hili hudhani kwamba ameona watu wawili, akawaongeza wote katika ukoo. "Filia" ni binti. "Patrinus" ni msimamizi wa kiume, "matrina" ni wa kike. Neno "annorum" likifuata tarakimu laonyesha umri wa miaka, nao kwa watu wazima ulikadiriwa tu, kwa hiyo asichukue tarakimu hiyo kama tarehe ya kuzaliwa. Na akikuta babu wa babu ameandikwa "paganus", asiudhike. Ndivyo walivyomwandika kila mtu ambaye hajabatizwa wala hakuwa Mwislamu.

Kisha atazame sahihi ya padre. Mtawa Mbenediktini huweka herufi P. mbele ya jina lake, yaani Pater, na nyuma yake O.S.B. Hizo ni herufi za shirika lake. Padre wa Kianglikana hana herufi hizo.

Kisha ahesabu wasimamizi. Kitabu cha sala cha Waanglikana kiliamuru kila mtoto awe na wasimamizi watatu: mvulana apate wanaume wawili na mwanamke mmoja, msichana apate wanawake wawili na mwanamume mmoja. Sheria ya Kanisa la Roma iliyotolewa mwaka 1917 ilitaka msimamizi mmoja, au wakizidi basi wawili, mume na mke. Kwa hiyo mtoto mwenye wasimamizi watatu karibu daima ni Mwanglikana. Mtoto mwenye mmoja tu tusimhukumu upesi, maana kijijini Wakristo walikuwa wachache, na padre alitumia aliyempata.

Mwisho atazame pambizoni. Tangu mwaka 1908 sheria ya Wakatoliki iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari ipelekwe mahali alipobatizwa, ikaandikwe kando ya jina lake. Faida yake ni kubwa kwetu, kwa sababu watu wa kusini walitembea. Walikwenda kukata mkonge Lindi na Mikindani, wakaenda mpaka Tanga. Mtu aliyebatizwa Ndanda akaoa Tanga aweza kuwa ameandikwa pambizoni kwa mstari mmoja: mwaka, mahali, na jina la mke. Mstari ule mmoja huziunganisha nusu mbili za ukoo zilizopotezana. Tena sheria ya mwaka 1917 iliagiza nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kila mwaka kwa askofu. Kwa hiyo kitabu cha parokia kikiwa kimeliwa na mchwa, yafaa kuuliza katika nyumba ya askofu kabla ya kukata tamaa.

Kuna maneno mawili ya Kilatini ambayo kwetu yana thamani kuliko ukurasa mzima: "sub conditione". Maana yake mtu huyu amebatizwa kwa sharti, yaani, kama hakuwa amebatizwa sawasawa mahali pengine. Zamani mtu aliyetoka kanisa jingine akaingia kwa Wakatoliki mara nyingi alibatizwa hivyo. Basi mtafutaji akiyaona maneno hayo asifunge kitabu kwa furaha. Yamemwambia kwamba huenda kuna kitabu cha kwanza, upande wa Waanglikana, chenye jina la mtu yule yule akiwa mdogo zaidi, labda pamoja na wazazi na ndugu ambao hawakuhama naye.

Maandishi yenyewe nayo yana lafudhi. Mdachi alisikia "Wayao" akaandika "Wajao". Sauti yetu ya "ch" aliiandika kwa herufi nne, "tsch", hata Chiwata ikawa Tschiwata. Ruvuma ikawa Rowuma. Mreno aliandika Kionga kwa "Quionga". Ukilitafuta jina kwa macho hutaliona; lisome kwa sauti, kama mwandishi alivyolisikia, nalo litatoka.

Tumemtaja Mreno, na watu wa mdomo wa Ruvuma wanajua kwa nini. Huko mpaka haukukaa mahali pamoja. Kionga, iliyo kusini ya mdomo wa mto, ilitwaliwa na Wadachi mwaka 1894; Wareno waliichukua wakati wa vita, mwaka 1916, na mapatano ya mwaka 1919 yakawaachia. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1900 alizaliwa chini ya Wadachi, ingawa leo mahali pale ni Msumbiji. Na Wamakonde wa ng'ambo, waliovuka kwa wingi kutafuta kazi, kisha wakavuka tena kwa wingi wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, wengi walikuja na ubatizo wa huko. Misioni ya Nangololo, juu ya uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, ilianzishwa mwaka 1924 na mapadre Waholanzi wa shirika la Montfort, nao ni Wakatoliki. Mzee wa Kitaya au Mahurunga aitwaye Joaquim au António, ambaye hakuna parokia ya upande huu inayomjua, yafaa aulizwe habari za Nangololo. Lakini tusiseme kila Mkristo aliyetoka ng'ambo ni Mkatoliki: mbali zaidi magharibi, Unangu, alikaa Padre Yohana Abdallah, Myao, wa U.M.C.A., na Wakristo wake walikuwa Waanglikana.

Tukishajua kanisa, swali linalobaki ni vitabu viko wapi, na hapo miaka ndiyo inayoamua. Masasi ya Waanglikana ilikuwa chini ya askofu wa Afrika ya Kati, kisha tangu 1892 chini ya askofu wa Unguja, mpaka ilipopata askofu wake mwaka 1926. Newala imekuwa dayosisi yake yenyewe tangu 2009. Kwa hiyo habari za zamani zaweza kuwa katika parokia, au Masasi, au katika nyaraka za misioni zilizohifadhiwa Unguja. Barua na taarifa zilizopelekwa Uingereza zimetunzwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Wale waliokombolewa watafutwe Unguja kwanza, katika habari za shule za Kiungani na Mbweni, kabla ya kutafutwa Masasi.

Kwa Wakatoliki, Lindi ilitengwa na Dar es Salaam mwaka 1913, ikawa abasia mwaka 1927, ikaitwa Ndanda tangu 1931, na mwaka 1972 ikawa Jimbo la Mtwara. Sehemu nyingine zilitengwa: Nachingwea mwaka 1963, ambayo tangu 1986 huitwa Jimbo la Lindi, na Tunduru-Masasi mwaka huo huo wa 1986. Mtu asione neno Masasi katika jina la jimbo akadhani ni lile kanisa la Askofu Steere. Ni maaskofu wawili wa makanisa mawili.

Tena kuna miaka ambayo vitabu vina mapengo, nayo haiwezi kujazwa kwa kulaumu karani. Mwaka 1882 Masasi, mwaka 1905 Lukuledi na Nyangao. Wakati wa vita vya mwaka 1914 Wadachi waliwafunga mapadre Waingereza, na kazi ya U.M.C.A. ikashikwa na mapadre na walimu Waafrika. Maandishi ya miaka hiyo ni ya mikono yao, na mara nyingi majina ya vijiji yameandikwa vizuri kuliko alivyoweza Mzungu. Mwaka 1917 vita vikaja vyenyewe: Oktoba watu walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, kisha Wabenediktini wa Kidachi wakaondolewa. Kwa miaka michache baada ya hapo mapadre Wakatoliki walikuwa wachache, na mtoto aliyezaliwa 1918 huenda alibatizwa akiwa na miaka mitano.

Msomaji atakayeandika barua kwa padre wa parokia asiandike tu, "Natafuta babu yangu." Aandike jina la ubatizo na jina la nyumbani la babu, jina la baba yake, kijiji, na mkuu aliyetawala kijiji hicho, mwaka kwa kukadiria, kama "kabla ya Majimaji" au "baada ya vita vya Wadachi", majina ya wasimamizi kama yajulikana, na sababu inayomfanya adhani kwamba ni kanisa lile wala si jingine. Aeleze pia haja yake, kama ni cheti au ni habari za ukoo tu, kwa maana vitabu hivyo vina siri za watu, na padre ana haki ya kuuliza. Barua isipelekwe katika Juma Kuu, wakati parokia nzima imo katika maandalio ya Pasaka. Na baada ya mvua za masika, barabara zikikauka, ni afadhali kwenda mwenyewe pamoja na mzee mmoja wa ukoo, akae karibu na karani, maana jina likisomwa kwa sauti ni yeye atakayelitambua.